Mvule, mkangazi, muhesi au msambu? Kuitambua miti minne ya msitu wa mvua kabla hujachagua wa kupanda

Mwaka fulani wakati wa vuli nilinunua miche thelathini ya mkangazi kwenye kitalu cha kando ya barabara. Viriba vyeusi, majani ya kupendeza, muuzaji ana maneno matamu. Nikaipanda, nikaipalilia, nikawaambia majirani kwamba wajukuu wangu watauza mbao. Miezi michache baadaye binti yangu akachuma jani akiwa anacheza, akalifikicha, akanusa vidole. "Baba, mti wako unanuka kitunguu saumu."

Mkangazi haunuki kitunguu saumu. Niliouziwa ni msederela, mti wa asili ya Amerika ya joto ulioletwa zamani kwa ajili ya mbao. Si mti mbaya kwa mbao, lakini sio niliolipia, na katika msitu wa Kimboza kule Morogoro umeshakuwa kero kwa kuwasonga wenyeji wa msitu. Tangu siku hiyo sinunui mche nisioujua kwa jani, gome na tunda.

Nimeandika haya kwa mtu mwenye eka moja au mbili kwenye miteremko yenye mvua, Usambara Mashariki, Uluguru, Nguru au pembezoni mwa Udzungwa. Wa Kagera, Uganda na Kakamega naye ana sehemu yake hapa. Anataka kurudisha mti wa asili shambani, amesikia majina manne, na kila anayemuuliza anampa jibu lake.

Vigezo vyangu ni sita. Kwanza ni namna ya kuutambua, nami nitakaa hapo muda mrefu kuliko kwingine, kwa sababu kosa la hapo halisahihishwi na mbolea. Kisha ardhi na mwinuko unaoupenda, muda utakaosubiri, maadui wake, unachokipata mwishoni, na sheria inasemaje. Miti ni mvule (Milicia excelsa), mkangazi (Khaya anthotheca), muhesi (Maesopsis eminii, ambao mabwana misitu wengi wanauita tu "mesopsis", Waganda musizi, na watu wa Kakamega mutere) na msambu (Allanblackia stuhlmannii).

Kuutambua

Mti mkubwa wa msituni usiutambue kwa kutazama juu. Majani yako mita thelathini hewani, yamechanganyika na ya jirani zake, na utaumia shingo bure. Anza na gome, kisha kinachotoka ukilikwaruza, kisha kilichoanguka chini. Jani litafuata, na mara nyingi utaliokota.

Mvule una shina lililonyooka kama nguzo ya msikiti, mara nyingi bila tawi hadi mita ishirini, na mti mzima hufikia mita hamsini. Gome la mti kijana ni la rangi ya majivu. Likizeeka linakuwa la kahawia iliyokolea, wakati mwingine karibu jeusi. Lichome kwa ncha ya kisu, kidogo tu, na maziwa meupe yatatoka. Tazama na mizizi inayotokeza juu ya ardhi: ngozi yake ni nyekundu ya kahawia, imetapakaa vitone vya manjano. Ukishaiona mara moja huisahau.

Maziwa peke yake hayatoshi. Mvule ni wa ukoo mmoja na mkuyu na mfenesi, na ukoo huo wote hutoa maziwa. Kinachoamua ni tunda. Mkuyu na jamaa zake wana tini za duara, mvule hauna. Tena kuna mvule dume na mvule jike, kama mipapai. Dume huning'iniza mashada membamba meupe, marefu kama mikia ya panya. Jike ana mashada mafupi manene, na tunda lake bivu linafanana na kiwavi mnene wa kijani. Popo wanaokula matunda huyafuata usiku na kusambaza mbegu, ambazo ni ndogo kama za mtini. Ukiona mvule mkubwa usio na mche hata mmoja chini yake, usishangae. Huenda ni dume, au popo wamezipeleka mbegu mbali.

Jani la mvule ndilo linalowavuruga wanunuzi. La mti mzima lina kingo laini na mishipa ya pembeni iliyonyooka, inayoonekana wazi kama mbavu. La mche ni kavu mkononi, linakwaruza, na kingo zake zina meno madogo kama ya msumeno. Mtu anayejua mvule mzima tu atakataa mche halisi, na atachukua mwingine wenye jani laini kwa sababu unafanana na ule mkubwa wa kwa babu yake. Kwa hiyo kwenye kitalu tafuta jani lenye meno.

Mkangazi hauhitaji kisu. Gome lake la kijivu na kahawia hubanduka kwa vipande vidogo vya mviringo, mithili ya sarafu, na kila kipande kikidondoka kinaacha kishimo kifupi. Shina la mti mzee lina madoadoa kama uso wa mtu aliyeugua ndui zamani, na chini kuna mizizi iliyosimama bapa kama mbao zilizoegemezwa. Ukikwaruza, ndani ni pinki kuelekea wekundu, hakuna maziwa, na ukionja utatema: ni chungu kama mwarobaini, ambao ni wa ukoo wake.

Jani la mkangazi ni la vijani vilivyopangwa wawili wawili kwenye kikonyo kimoja, jozi tatu hadi saba, bila kijani cha pekee mwishoni. Mche mchanga sana huanza na majani ya kawaida, moja moja, na hapo ndipo wauzaji wasio waangalifu wanapoteleza. Tunda ni mpira mgumu wa ubao, saizi ya ndimu kubwa, unaopasuka pande nne au tano kama ua. Ndani mbegu zimepangwa bapa kama karata, kila moja imezungukwa na bawa jembamba pande zote.

Sasa linganisha na msederela ulioniumiza. Gome lake limepasukapasuka kwa urefu, halibanduki sarafu. Vijani ni vingi zaidi na vyembamba. Tunda ni dogo, refu kidogo, na mbegu ina bawa upande mmoja tu. Na kile kitunguu saumu: fikicha jani, nusa, umemaliza kazi.

Muhesi unatambulika kwa mbali. Gome ni jeupe la kijivu, lina mifereji mirefu ya wima, na kwenye baadhi ya miti mifereji hiyo inajipinda kama kamba iliyosokotwa. Matawi yametanda kwa ulalo. Majani ni ya kung'aa, yamejipanga pande mbili za kijitawi kiasi kwamba mgeni hudhani kijitawi chote ni jani moja la vijani vingi, kama la mkangazi. Livute moja utaona: kila jani linajitegemea, lina ncha ndefu na kingo zenye meno butu ya mviringo. Maziwa hakuna. Tunda ni kama zaituni, la kijani, kisha manjano, kisha zambarau hadi jeusi, lenye kokwa moja. Hondohondo na kima wanalipenda kupita kiasi, nalo hilo lina matokeo yake, nitayarudia.

Msambu ni mti pekee kati ya minne ambao nakuruhusu utazame juu. Ukimpata jike mwenye matunda, huna haja ya kuuliza. Ni matunda makubwa ya kahawia, urefu unaweza kupita sentimeta thelathini, uzito kilo kadhaa kwa moja, yanayoning'inia kwa vikonyo kama mizinga midogo ya nyuki. Usikae chini yake wakati wa kuiva. Majani ni mazito kama ngozi, yanang'aa, na yametoka mawili mawili yakitazamana. Gome ni jeusi jeusi; ndani ni jekundu, na hutoa utomvu wa manjano unaonata. Ndani ya tunda kuna mbegu za kahawia zilizozama kwenye utelezi. Nao una dume na jike, na kabla haujachanua hakuna macho ya binadamu yatakayokwambia mche huu ni upi.

Kama ukitaka kuiona miti ya jinsi hii ikiwa mizima na ina majina yake, panda Amani, juu ya Muheza. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo na bustani ya mimea pale mwaka 1902, na hifadhi ya mazingira asilia ilitangazwa 1997. Waongozaji wa pale wengi ni wenyeji wa vijiji vya jirani, na mtu aliyekulia chini ya msambu anakufundisha kwa saa mbili ambayo picha hazikufundishi kwa mwaka.

Ardhi na mwinuko

Mvule ni mti wa bondeni na wa miteremko ya chini, kutoka pwani hadi kama mita 1,200. Unataka udongo wenye kina unaopitisha maji. Kwenye tope la kudumu hautasimama. Hupukutisha majani kwa muda mfupi, hivyo unaweza kuvumilia kiangazi kuliko wengine watatu.

Mkangazi unapenda kando ya mito na mabonde yenye udongo mzito wa mafuriko ya zamani. Tembea pembezoni mwa Kilombero au mito ya chini ya Usambara utaona. Unapanda hadi kama mita 1,500 iwapo mvua ni nzuri.

Msambu ni mti wa baridi na ukungu, takriban mita 800 hadi 1,600, na kwa asili haupatikani popote duniani ila kwenye milima ya Tanzania, ile ya Tao la Mashariki, kama Usambara, Uluguru na Udzungwa. Ukiwa na shamba Muheza mjini, uache. Mche wake unataka kivuli. Jua kali la shamba tupu linauchoma.

Muhesi unaota karibu popote penye mvua na udongo usiotuamisha maji. Hapa inabidi nisimame kidogo. Kagera, Uganda, Kongo na Kakamega, muhesi uko kwao. Usambara Mashariki uko ugenini. Ulipandwa tangu enzi za Wajerumani, ukapandwa tena kwa wingi katika karne iliyopita kuziba maeneo yaliyokatwa magogo, na hondohondo na kima wakafanya yaliyobaki. Kila pengo linalofunguka msituni, muhesi ndio wa kwanza kufika. Miti ya Usambara isiyopatikana kwingine inakua polepole na haiwezi kushindana naye kwenye mbio hizo. Mti uleule basi: Bukoba ni mwenyeji mwenye heshima zake, Amani ni mgeni aliyekataa kuondoka.

Muda

Muhesi hauna mpinzani. Kwa kuni unaweza kuanza kuvuna katika mwaka wa nane hivi, na kwa mbao kati ya miaka ishirini na thelathini. Aliyeupanda anauvuna mwenyewe.

Mkangazi unahesabiwa kwa miongo minne na zaidi. Mvule ni miaka hamsini na kuendelea kwa gogo lenye kiini cha maana. Huo unampandia mjukuu.

Msambu ni hesabu tofauti kwa sababu huutegemei kwa gogo bali kwa mbegu. Kwanza mbegu yenyewe ni mvivu wa kuota. Inaweza kulala ardhini mwaka mzima na zaidi kabla haijachomoza. Kisha mche hukawia miaka kumi, hata kumi na mitano, ndipo uzae. Na ukishangoja hivyo, karibu nusu ya miche itakuwa madume yasiyozaa tunda hata moja. Ndiyo maana watafiti wamehangaika na kubebesha: unachukua kijitawi kutoka jike lenye matunda mazuri, unakipachika kwenye shina la mche. Jinsia unaijua tangu siku ya kwanza, na muda wa kungoja unapungua. Mtu akikuuzia msambu wa mbegu na mwingine wa kubebeshwa kwa bei ya juu, usibishane sana juu ya bei. Ila acha madume mawili matatu shambani, au hakikisha yapo msitu wa jirani, maana jike bila dume hana kazi.

Maadui

Mvule una adui mmoja mdogo mwenye jina refu, Phytolyma. Ni mdudu anayetaga kwenye chipukizi. Watoto wake wakianza kufyonza, chipukizi linavimba na kufanya vinundu vya kijani kama mbaazi. Vinundu vinapasuka, kuvu inaingia, kilele kinaoza. Mche unatoa chipukizi jingine, nalo linaliwa. Niliwahi kuhesabu mche mmoja wenye vilele vitano vilivyokufa, kimo chake bado magotini. Shamba la mvule mtupu juani linamkaribisha mdudu huyu. Ukiuchanganya na migomba au miti mingine, chini ya kivuli chepesi, madhara hupungua.

Mkangazi nao una kiwavi wa nondo, Hypsipyla robusta, anayetoboa kilele na kuingia ndani ya chipukizi. Mti haufi, ila unagawanyika matawi mawili au matatu chini chini, na hapo gogo lako refu limekwisha kabla halijaanza. Dawa ni ileile: usiupande peke yake kwa safu ndefu. Panda mchanganyiko, na ukiona kilele kimenyauka kikate mara moja, uache chipukizi moja lililonyooka.

Muhesi una maadui wachache, ingawa kwenye mashamba makubwa unaweza kupata ugonjwa wa vidonda vya shina. Msambu shida yake ni panya buku na jamaa zao, wanaotafuna mbegu. Huyohuyo panya ndiye anayezificha nyingine ardhini zikaota, basi uhasama wenu ni nusu nusu.

Unachokipata

Mbao za mvule hazihitaji kupigiwa debe na mimi. Milango ya Pwani na Zanzibar inazungumza yenyewe. Mbao mbichi ni ya manjano. Ikikaa mwangani wiki chache inageuka hudhurungi ya dhahabu. Ikikauka huwa na uzito wa takriban kilo 650 kwa mita ya ujazo, na kiini chake kina kemikali inayowafukuza mchwa. Wazungu huuza kama iroko, wengine wakaiita "mtiki wa Afrika", jina la biashara tu. Hakuna undugu wowote na mitiki ya Longuza, lile shamba la miti la kule Muheza.

Kuna siri moja ya mvule ambayo hutaijua hadi siku ya kupasua. Mti huu huweka mawe ndani yake. Ni mawe kweli, ya aina ya chokaa, yaliyojificha kwenye nyufa za gogo. Nilikuwa nimesimama na mzee mmoja mpasua mbao wakati msumeno ulipolia ghafla na kurusha cheche. Akauzima, akatazama meno yaliyokatika, akanigeukia: "Umeona, mwanangu? Huu mti umekula mlima." Nilidhani ni utani. Lakini ni kweli kwamba mvule hubadili hewa ya ukaa kuwa chokaa, ndani ya shina na hata kwenye udongo ulio chini yake, na udongo wenye asidi unapungua ukali. Vumbi lake nalo linawasha na kupaliza, vaa barakoa.

Mkangazi ni mbao ya seremala. Nyepesi kuliko mvule, pinki ikiwa mbichi, nyekundu ya kahawia ikikaa, inapigika msasa ikang'aa. Vitanda, makabati, na huko mitoni mitumbwi ya gogo moja. Kwa mchwa haiaminiki kama mvule, kwa hiyo usiipige nguzo ya uzio.

Muhesi unatoa mbao nyepesi, laini, za masanduku, plaiwudi na ujenzi wa ndani. Nje au ardhini bila dawa huoza upesi. Kuni zake nzuri, majani mbuzi wanakula, na kivuli chake chepesi kinafaa kahawa na kakao. Mwenye watoto shuleni na jiko linalohitaji kuni kila siku haoni kichekesho katika mti wa namna hiyo.

Msambu unatoa mafuta. Mbegu zikikaushwa na kukamuliwa hutoa mafuta magumu kama siagi, ambayo wenyeji wa milimani wameyatumia tangu zamani kwa kupikia na kujipaka. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliyaidhinisha kutumika kwenye siagi ya mimea, na biashara ya kukusanya mbegu Usambara ikapata nguvu. Uzuri wake ni kwamba hukati mti. Unaokota kila msimu. Ubaya wake ni kwamba wanunuzi ni wachache. Mvule ukikosa mnunuzi mwaka huu unasimama na kunenepa. Gunia la mbegu za msambu likikosa mnunuzi linavunda.

Sheria

Tanzania, kupanda ni ruhusa. Kukata na kusafirisha ndiko kwenye mlolongo. Chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, uvunaji na usafirishaji wa mazao ya misitu unaendeshwa kwa vibali, na mbao zikiwa barabarani bila hati, ile watu wanayoiita TP, zitashushwa kizuizini. Tatizo la miti ya asili ni kuthibitisha kwamba uliipanda wewe. Mtiki kila mtu anajua ni wa kupandwa. Mvule shambani mwako unaweza kudhaniwa ni wa msitu. Andikisha miche yako kwa serikali ya kijiji siku unayoipanda, piga picha, na mshirikishe afisa misitu wa wilaya mapema.

Mkangazi una kifundo cha ziada: tangu mkutano wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Panama Novemba 2022, miti yote ya jamii ya Khaya ya Afrika imewekwa kwenye Kiambatisho cha Pili. Kuuza nchi za nje kunataka kibali maalumu. Kwa seremala wa mjini kwako hakubadilishi kitu.

Basi upande mti upi?

Ukiwa unapakana na hifadhi Usambara Mashariki, au mlima wowote wa Tao la Mashariki, muhesi usiupande hata kama miche ni ya bure. Ulioukuta shambani utumie kama kuni na mbao, na ng'oa miche inayochomoza kila masika. Kama uko juu, kwenye ukungu, na shamba lako ni la iliki chini ya kivuli, msambu wa kubebeshwa ndio utakaokaa vizuri pale, mradi uwe na kipato kingine cha kukubeba miaka ya kungoja. Ulizia kwanza kama kuna anayenunua mbegu kata ya jirani. Hakuna? Panda michache kwa ajili ya nyumba, si shamba zima.

Ukiwa Bukoba, Muleba, Masaka au Kakamega na unahitaji pesa kabla watoto hawajamaliza shule, muhesi uko nyumbani na utakulipa mapema. Changanya na kahawa. Pembeni weka mivule michache, maana muhesi utavunwa na kuondoka, mvule utabaki kwenye mpaka.

Mwenye bonde lenye mto, udongo mweusi wa kina, na subira ya miongo minne, mkangazi unamfaa kuliko wote. Auchanganye na migomba na miembe kwa sababu ya yule nondo, na awe tayari kupogolea vilele miaka mitano ya kwanza. Asiyeishi shambani, anayekuja Pasaka na Krismasi, asiupande. Kiwavi hangoji sikukuu.

Mwenye mteremko wa chini wenye kiangazi cha kuuma, na ardhi isiyo na mgogoro wa urithi, apande mvule: michache, mbalimbali, mita kumi na zaidi, kwenye mipaka na kati ya migomba. Mgogoro wa urithi nimeutaja makusudi. Mti wa miaka hamsini kwenye shamba linalogombaniwa utakatwa na wa kwanza kushinda kesi.

Na mwenye eka moja tu, aliyekwama katikati ya haya yote, nimfahamishe nilivyofanya mimi baada ya kung'oa ile miche thelathini ya msederela. Niko kwenye mwinuko wa kati, kijito kinapita chini. Nilipanda mikangazi kumi na miwili kando ya maji, mivule sita juu kwenye mpaka, na msambu mmoja uliobebeshwa nyuma ya jiko, penye kivuli cha mfenesi. Mivule miwili imeliwa na Phytolyma, nimepanda tena. Msambu bado haujachanua. Mikangazi tisa iko hai, na kila nikileta mche mpya nyumbani, binti yangu hunyoosha mkono kwanza, achume jani alifikiche.